Kupima mbio ya siti yako ukiwa Goma: utumie chombo gani?

Swali lenye linarudi kila siku kwa vijana wenye wanatengeneza siti hapa Goma: nipime na PageSpeed Insights ao na GTmetrix, vile vyombo viwili vya internet vya kupima mbio ya siti, njo ipi ya kweli? Zote za kweli, ila hazipimi kitu kimoja na hazipimii fasi moja, ukizilinganisha alama kwa alama utachanganyikiwa bure. Mbele ya kufungua chombo chochote jiulize nani anafungua iyo siti na iko wapi. Kama ni boutique ya liputa ya Birere, mteja iko na Tecno ao Itel ya bei ya chini, forfe ya mega kidogo, rezo inapanda inashuka. Huyo njo unapimia, si weye na ordi yako kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Anzia PageSpeed Insights, ni ya Google, ya bure, unabandika adresi tu. Watu wengi wanakimbilia ile duara ya alama kwa 100 alafu wanafunga, kumbe kitu cha maana kiko juu yake: data ya watu wa kweli wenye walifungua siti na Chrome ndani ya siku 28 zenye zimepita. Hapo angalia tatu. LCP ni muda mpaka kile kitu kikubwa cha ukurasa kionekane, mara nyingi picha, isipite sekunde 2.5. INP ni muda wenye siti inakamata kujibu mtu akigusa, isipite milisekunde 200 (ilikamata nafasi ya FID, kipimo cha zamani, mwezi wa 3 mwaka 2024, kwa hiyo video ya YouTube yenye bado inakufundisha FID, achana nayo). CLS ni vile vitu vinarukaruka mtu akiwa anasoma, isipite 0.1. Na matembezi matatu kwa mane lazima yawe ndani ya hiyo mipaka.

Sasa, siti ndogo haina wageni wa kutosha, iyo sehemu itakuja tupu, usishtuke. Na hata ikijaa, data inachanganya dunia yote: kama ndugu zetu wa Brussels njo wanafungua siti sana, namba zitakuwa nzuri na mtu wa Majengo anaendelea kungojea.

Ile alama yenyewe ya 100 inatoka kwa Lighthouse, programu ya Google yenye inapima siti, na Lighthouse haikai Goma, inaendeshwa kwenye seva za Google na inaigiza telefone ya kawaida kwenye 4G ya pole, karibu megabiti 1.6 kwa sekunde. Saa za magaribi hapa kuna fasi zenye hata hiyo ni anasa. Tena alama inacheza, unapima saa hii unapata 71, unarudilia unapata 78, na hujagusa kitu. Pima mara tano, chukua ya katikati.

GTmetrix naipendea jambo moja, ile chati ya mistari yenye inaonyesha kila fayili ilianza lini, ilingojea nini, iko na uzito gani. Pale njo unaona picha moja ya liputa iko na mega 4 juu mtu aliipandisha vile ilitoka kwenye telefone. Kwa mtu wenye ananunua mega, uzito ni feza mbele hata ya kuwa muda. Lakini kipimo cha kawaida cha bure kinatoka Amerika ya Kaskazini, kwa ordi ya mezani na koneksio ya nguvu, kwa hiyo kuchukua ile namba na kusema siti inafunguka mbio Goma ni sawa na kupima safari ya chukudu na gari.

Ukitaka kuchagua fasi na aina ya koneksio, nenda WebPageTest, chombo kingine cha internet. Inakupatia picha ya ukurasa hatua kwa hatua, na inaweza kufungua siti mara ya pili ili uone mteja wenye anarudia anangojea kiasi gani. Ukiona baiti ya kwanza (muda mpaka jibu la kwanza la siti lifike) inapitisha milisekunde 800, usianze kupunguza picha, shida iko kwa seva, ile mashine yenye inabeba siti: iko mbali ao imechoka.

Chombo chenye naamini kupita vyote hakina alama hata moja. Tafuta telefone ya bei ya chini, siyo yako, iunganishe na ordi kwa kamba ya USB, fungua chrome://inspect kwenye Chrome ya ordi, uangalie siti inajifungua kwa line zenye wateja wako wanatumia, asubui na magaribi. Kama huna telefone, bonyeza F12 kwenye Chrome ya ordi, ingia Réseau, zima kashe (vitu vyenye Chrome ilisha kuhifadhi), chagua 3G, ila ujue hiyo inapunguza rezo tu, prosesa ya ordi yako inabaki na nguvu zake mpaka uipunguze nayo kule Performances.

Vyombo vya kulipia kila mwezi, wacha kwanza mpaka siti iingize feza.

Na ukisha chagua, usibadilishe katikati ya kazi. Ukurasa uleule, telefone ileile, saa ileile, mbele ya kurekebisha na nyuma yake, andika kwenye Excel tarehe, line, LCP na uzito wa ukurasa. Mteja akikuomba 100, muonyeshe iyo Excel, alafu mpatie ile telefone ya bei ya chini afungue mwenyewe.