Kuchagua propela ya mashine ya boti kwa maji ya Mwanza
Propela iliyoisukuma boti vizuri Dar es Salaam inaweza kuielemea mashine ileile ikifika Mwanza. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na mashine hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kabla hujapakia hata ndoo moja ya dagaa. Kwa hiyo propela ya pwani mara nyingi huizidi mashine kwa inchi 1 au 2 za pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja.

Soma namba zilizogongwa kwenye propela. 11 1/8 × 13 ni kipenyo, kisha pichi: kila ikizunguka mara moja ingesonga mbele inchi 13 kama isingeteleza majini. Kwenye propela za Yamaha hufuata herufi, mfano G, inayoonyesha kundi la mashine inazoingia. Herufi ikitofautiana usinunue, hata fundi akikuahidi kuchonga tundu.

Sasa jaribu. Pakia mzigo wako wa kila siku: watu, nyavu, barafu, mafuta. Mtumbwi mtupu utakudanganya. Funga takometa (kipimo cha mizunguko ya mashine), toka hadi maji yaliyotulia, fungua mafuta hadi mwisho, na usome mizunguko boti ikishashika kasi. Kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Mashine nyingi za mipigo miwili (two-stroke), za nguvu za farasi 15 hadi 40, hutaka 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Inchi 1 ya pichi hubadili mizunguko kama 200. Ukisoma 4,400 na propela ya 13, shuka hadi 10 na utakaribia 5,000.

Usipuuze mizunguko michache. Mashine inakwenda, lakini kwa mngurumo mzito; petroli inaisha haraka, masizi yanajaa, pistoni zinapata joto hadi inajamu katikati ya maji. Pichi ikiwa ndogo mno, mashine inalia kupita kiwango na boti haiongezi mwendo.

Ila mizunguko ikipanda ghafla, usikimbilie kulaumu pichi. Bati lililo juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti, au sentimita 2 hadi 3 chini zaidi. Likiwa juu, propela hunyonya hewa kwenye kona na mawimbi. Kama urefu uko sawa, huenda raba ya kitovu imeachia. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, tembea kidogo, kisha utazame: mstari ukikatika, raba imekwisha.

Kwa mwambao wenye mawe kama wetu, chukua alumini. Ikigonga jiwe hupinda panga zake. Chuma kisichoshika kutu hupeleka pigo hadi kwenye shafti na gia, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Kabla ya kufungua propela, chomoa waya za plagi. Toa kila uzi wa wavu uliojisokota nyuma ya propela: nailoni hukata sili (raba inayozuia maji), maji huingia, na oili ya gia hugeuka nyeupe kama maziwa. Paka grisi meno ya shafti, rudisha zile washa (vibati vya duara) kwa mpangilio uleule, kaza nati, weka pini mpya. Propela ya zamani, kama haijapinda, ibaki botini pamoja na nati, pini na koleo.