Chai ya mkono: anza na kilo tano

Natengeneza chai peke yangu huku Bumbuli, milima ya Usambara. Anayeniuliza aanzie wapi namwambia aache kwanza habari za mashine na nembo, atafute kilo 5 za majani mabichi. Hutoa takriban kilo 1 ya chai kavu, na ndicho kiasi ambacho mikono miwili hukimaliza kabla hakijaharibika.

1. Majani. Chukua majani mawili na chipukizi lake, basi. Mimi hununua kwa jirani na kumlipa zaidi ya bei ya kiwanda, kwa sharti moja: asishindilie kwenye gunia. Yakibanana hupata joto na kuanza kuwa mekundu njiani, na hapo hayana dawa.

2. Kunyausha. Jioni yatandaze kivulini juu ya wavu au kitambaa safi, tabaka jembamba, hewa ipite. Yaache saa 12 hadi 18. Siku za ukungu huchelewa. Kunja kikonyo: kikipinda bila kukatika, yako tayari. Usiyaanike juani eti una haraka.

3. Kusokota. Shika konzi, sokota juu ya ungo kwa viganja, ukikandamiza, mpaka jani lijikunje na utomvu unate mikononi. Nusu saa kwa kila fungu. Hapa ndipo upweke unapouma: unaposokota fungu la tatu, la kwanza limeshaanza kubadilika. Andika saa kwa chaki kando ya kila fungu, na lile lililotangulia litangulie kukaushwa.

4. Kugeuka rangi. Viwandani huita kuchachusha, ingawa hakuna hamira wala kuchacha. Ni hewa inakutana na utomvu. Tandaza, funika kwa kitambaa chenye unyevu, mahali pasipo joto kali. Huchukua saa 1 hadi 3, ila amini pua kuliko saa. Harufu ya nyasi iliyokatwa itaondoka, ije harufu kama ya tunda lililoiva, na rangi iwe ya shaba. Ukichelewa, chai inapoa ladha. Mimi nimewahi kupoteza mafungu mawili kwa simu moja ya mteja. Siku hizi simu naizima.

5. Kukausha. Oveni ya gesi, nyuzi 100, majani machache kwa kila trei, dakika 20 hadi 30 huku ukigeuza. Kikonyo kikatike kwa mlio. Chai hunywa kila harufu iliyo karibu, kwa hiyo kusiwe na moshi wala kitoweo. Chai yangu ya kwanza ilinuka dagaa. Mama mdogo alinunua yote, kwa huruma.

Ikipoa tu, funga kwenye mifuko isiyopitisha hewa wala mwanga.

6. Vibali na bei. Jina la biashara ni BRELA (wasajili wa biashara), namba ya mlipakodi ni TRA (mamlaka ya mapato), usajili wa chakula na jengo ni TBS (shirika la viwango). Bodi ya Chai waulize mapema kuhusu leseni. Pitia SIDO kwanza, shirika la viwanda vidogo, watakuelekeza njia.

Bei piga hivi. Majani shilingi 5,000, gesi 4,000, mifuko na lebo 10,000, siku yako ya kazi 15,000. Jumla 34,000. Kilo 1 ni pakiti 20 za gramu 50, lakini mbili ni za kuonjesha, kwa hiyo gawanya kwa 18: karibu 1,900 kila moja. Mwenye duka naye atataka chake. Wengi husahau ile 15,000, halafu wanashangaa mbona wanachoka na hawaoni hela.

7. Kuuza. Aliyezoea chai ya punje, ile ya kiwandani iliyosagwa, atalalamika kwamba yako haikolei. Usibishane. Gramu 3 kwa kikombe, maji yaliyotoka kuchemka, dakika 4, mwonjeshe bila sukari. Akiomba sukari, mpe.