Magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba: goti kwanza, saa baadaye

Tulikuwa tunakabidhiana zamu saa moja asubuhi. Mwenzangu aliyekesha akasema, "Kitanda cha tatu, magnesiamu ya saa nne nimeshampa." Mimi nikaelewa saa nne usiku, kumbe alimaanisha ile ya kila saa nne, na alikuwa ameichoma saa kumi na mbili alfajiri. Kwenye chati hapakuwa na kitu. Nilipiga hesabu, nikaona mama amechelewa dozi mbili, nikavuta sindano. Aliyeniokoa ni mgonjwa mwenyewe: "Sista, si nimechomwa sasa hivi?" Akageuka kunionyesha plasta, pamba yake bado mbichi. Angekuwa amelala fofofo, ningemrudia.

Tangu hapo nafanya hivi. Dozi ninazozitaja ni za utaratibu wa sindano za msuli unaotumika katika hospitali zetu nyingi. Mwongozo uliobandikwa ukutani kwenu ukisema tofauti, fuata huo.

Hatua ya 1: Hesabu gramu, usihesabu vichupa

Magnesiamu salfeti ya asilimia 50 ina gramu 1 katika kila mililita 2. Kichupa cha mililita 10 kina gramu 5, cha mililita 2 kina gramu 1 tu. Stoo ikibadilisha ukubwa wa kichupa, anayezoea kusema "vichupa viwili" anakosea bila kujua. Soma lebo kila unapokishika, hata kama umekitoa kwenye boksi lile lile la jana.

Hatua ya 2: Maliza ya mshipa ndipo uvute ya msuli

Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye msuli. Ya mshipa lazima izimuliwe: mililita 8 za dawa ya asilimia 50 na mililita 12 za maji ya sindano, kwenye bomba la mililita 20. Unapata asilimia 20. Ipeleke polepole, isipungue dakika 5. Ya msuli haizimuliwi: gramu 5 kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 kupunguza maumivu.

Mabomba yote mawili yakilala kwenye trei moja bila lebo, hapo pana ajali inayosubiri mkono, maana dawa zote mbili ni maji meupe. Bandika plasta na uandike: dawa, gramu, njia.

Ukitaka mwenzako ahakiki, usimwonyeshe bomba ukamuuliza "Ni sawa, eti?" Atasema sawa. Mpe cheti cha dawa apige hesabu yake mwenyewe, kisha mlinganishe.

Hatua ya 3: Mwambie mama

"Mama, utasikia joto mwilini, labda na kichefuchefu. Hilo ni la kawaida. Ukiona kope nzito au pumzi ngumu, niite." Ndugu anayemuuguza asikie pia.

Hatua ya 4: Kila dozi, mambo matatu

Dozi ya kuendeleza ni gramu 5 kila baada ya saa 4, tako hili kisha lile, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote lililochelewa. Lakini saa kufika si ruhusa ya kuchoma. Magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikilegea, dozi ile ile iliyokuwa tiba jana leo inakuwa sumu.

Goti: pitisha mkono chini yake mguu ulegee, gonga chini ya kifupa. Mguu usiporuka, dawa imezidi, kwa sababu goti hunyamaza kabla pumzi haijazimika. Kama amechomwa ganzi ya mgongo, goti halitakuambia kitu, gonga kiwiko.

Pumzi: zisipungue 16 kwa dakika. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, pumzi moja uliyokosea inakuwa nne.

Mkojo: usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa 4 zilizopita. Huku kwetu tatizo kubwa ni mhudumu kumwaga mfuko bila kupima, basi kubaliana naye mapema.

Moja likikosekana, usichome. Ita daktari.

Hatua ya 5: Andika hapo hapo kitandani

Tumia mfumo wa saa 24: 06:00, siyo "saa 12". Tunaongea saa za Kiswahili na kuandika za kizungu, na kati ya hizo mbili pana mwanya wa saa sita. Wakati wa kukabidhi, sema "dozi ya mwisho 06:00, inayofuata 10:00", huku wote wawili mmesimama kando ya kitanda na chati iko wazi.

Hatua ya 6: Kalsiamu iwe karibu

Kalsiamu glukoneti, dawa inayopinga magnesiamu iliyozidi, ya asilimia 10, mililita 10, ikae kwenye trei ya mama huyo, isifungiwe kabatini. Pumzi zikizima: simamisha magnesiamu, msaidie kupumua kwa ambu (mfuko wa kusukumia hewa mapafuni), piga kelele upate mtu, kisha mpe kalsiamu hiyo polepole kwenye mshipa. Mtoto akizaliwa, anayempokea aambiwe kuwa mama alikuwa kwenye magnesiamu, maana naye anaweza kuja amelegea.

Hatua ya 7: Toa taarifa

Madhara uliyoyashuku hujazwa kwenye fomu ya njano. Tanzania inakwenda TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), Kenya kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Huhitaji kuthibitisha kwamba ni dawa, kushuku kunatosha. Ila kichupa usikitupe kabla hujanakili namba ya toleo.