Uvimbe kwenye neva ya jicho la mtoto: mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kliniki

Usishangae daktari wa macho akikwambia umvue mtoto shati. Mtoto ameletwa kwa sababu jicho moja limetokeza, au makengeza yameanza ghafla, au anaandika huku pua ikikaribia kugusa daftari, na bado daktari anaanza na ngozi. Anahesabu mabaka ya kahawia, anainua mikono aangalie kwapa, anaangalia na kinena. Anatafuta dalili za ugonjwa wa kijenetiki uitwao neurofibromatosisi aina ya kwanza, kwa kifupi NF1. Watoto wawili wanaweza kuwa na uvimbe unaofanana kabisa kwenye picha ya MRI, lakini yule mwenye NF1 na yule asiye nayo wakatibiwa kwa njia tofauti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza unaweza kuianza nyumbani, unapomwogesha. Kwa mtoto ambaye hajabaleghe, mabaka sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, yaani takriban upana wa punje ya choroko, hayapaswi kupuuzwa. Hali kadhalika vidoa vidogo vidogo vilivyojaa kwapani au kinenani. Kwenye ngozi nyeusi mabaka haya huwa ya kahawia iliyokolea, na katika familia nyingi yameshaitwa alama za kuzaliwa na habari yake ikaishia hapo. Yapige picha kwa simu mchana, rula ikiwa pembeni. Kisha jiangalie mwenyewe na umwangalie mwenzako: kuna yeyote mwenye vinundu laini chini ya ngozi, au mabaka kama hayo? Mzazi mmoja akiwa na NF1, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Hapa ndipo maneno ya ukoo huanza, na ni afadhali uende ukiwa na jibu. Karibu nusu ya watoto wenye NF1 ni wa kwanza katika familia zao. Mabadiliko ya jeni yamejitokeza upya kwao. Ndoa ya binamu si chanzo, kwa kuwa nakala moja tu yenye kasoro inatosha kuleta ugonjwa. Chakula cha mama wakati wa ujauzito hakihusiki, wala jicho la husuda. Na kwa wale wanaopenda kumnyooshea mama kidole: mabadiliko mengi madogo yanayotokea upya kwenye jeni hii huanzia kwenye mbegu za baba, naye hana hatia vilevile.

Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 17 na iligunduliwa mwaka 1990. Kazi yake ni kutengeneza protini iitwayo neurofibromini, inayoizima RAS, ile swichi inayoiamuru seli ikue na kugawanyika. Mtoto wa NF1, ambaye ni takriban mmoja katika kila watoto 3,000, ana nakala moja nzima na moja mbovu. Uvimbe huanza pale seli fulani inayoihudumia neva inapoipoteza hata ile nzima, swichi ikabaki imewashwa. Hilo huwapata asilimia 15 hadi 20 ya watoto wenye NF1, wengi wao kabla ya miaka 7, na sehemu kubwa yao hawatahitaji dawa yoyote, watafuatiliwa tu. Mtoto asiye na NF1 mara nyingi huwa na kasoro nyingine, kwenye kromosomu ya 7, ambapo vipande vya jeni mbili, KIAA1549 na BRAF, vimeungana mahali pasipostahili. Wachache wana badiliko dogo la BRAF liitwalo V600E.

Andika majina hayo kwenye karatasi, kwa sababu maswali yako matatu makubwa yanatoka humo. La kwanza ni kama kuna haja ya kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara. Kwa mtoto mwenye NF1 ambaye picha yake inaeleweka, kwa kawaida hakuna. Kugusa neva ya jicho kwa kisu ni kuhatarisha kuona kwenyewe. Kwa asiye na NF1 daktari anaweza kukihitaji, ili ijulikane BRAF yake ina kasoro gani. La pili ni mionzi. Ukisikia inapendekezwa kwa mtoto mwenye NF1, omba maelezo ya kina na maoni ya bingwa mwingine bila kuona haya, kwa kuwa mionzi huwaongezea watoto hawa hatari ya uvimbe mpya na ya kusinyaa kwa mishipa ya damu ya ubongo.

La tatu ni dawa. Katika nchi nyingi huanza na kemo, hasa karboplatini pamoja na vinkristini. Dawa mpya hulenga mnyororo wenyewe wa protini zinazopokezana amri ya kukua, yaani RAS, RAF, MEK na ERK, na zinachagua kasoro. Dabrafenibu pamoja na trametinibu ziliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa watoto wenye gliomu (uvimbe wa seli zinazohudumia neva, kama huu) za daraja la chini, yaani zinazokua polepole, zenye V600E. Tovorafenibu ikafuata mwaka 2024 kwa gliomu zenye kasoro ya BRAF zilizorudi au zilizokataa matibabu ya awali. Selumetinibu, inayozuia MEK, ilikuwa imeidhinishwa huko tangu 2020, ila kwa vinundu vikubwa vya neva vya NF1, huku matumizi yake kwa neva ya jicho yakiendelea kupimwa kwenye majaribio. Usikubali ndugu aliye ughaibuni akutumie dawa kwa kusoma jina tu. Sorafenibu, dawa inayoigusa RAF, ilipojaribiwa kwa watoto wenye gliomu za aina hii, uvimbe wa baadhi yao ulikua kwa kasi zaidi.

Sasa niseme la kinga, maana ndilo watu hukosea kwa nia njema. Habari ikishasambaa, shangazi ataleta unga wa mlonge, jirani habat soda, na mwingine kopo la vidonge vya "kuongeza kinga". Mlonge kama mboga sina ugomvi nao. Ila wazo kwamba uvimbe huu umekuja kwa sababu kinga ya mtoto imelala, na kwamba ikiamshwa itaula, haliendani na kilichoonekana maabara. Ndani ya uvimbe wenyewe sehemu kubwa ya seli si za uvimbe bali ni maikroglia, askari wa kinga wanaoishi kwenye ubongo na neva. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, wakitumia panya wenye kasoro ya Nf1, walieleza mwaka 2020 jinsi mambo yanavyopokezana: seli za neva hutoa protini iitwayo midkaini, midkaini huziamsha seli T, ambazo nazo ni askari wa kinga, seli T hutoa protini ya ishara iitwayo CCL4, nayo huifanya maikroglia itoe nyingine, CCL5, na CCL5 ndiyo inayoulisha uvimbe. Kinga haijalala hapo, imeajiriwa na adui.

Kuna la ajabu zaidi. Ilishaonekana kwamba watoto wa NF1 wenye pumu hupata uvimbe huu kwa nadra kuliko wenzao. Panya waliposababishiwa pumu wakiwa wadogo, seli T zao zilianza kutoa protini nyingine, dekorini, iliyoituliza maikroglia, na uvimbe ukashindwa kuota. Mwaka 2021 ikaonekana pia kwamba panya wa namna hiyo wakilelewa gizani katika umri fulani, uvimbe hautokei, kwa sababu neva inayopokea mwanga hutoa kichocheo cha ukuaji. Hayo ni ya panya. Usimfungie mwanao chumba chenye giza, wala usiache kutibu pumu yake. Nayataja ili ujue kwamba neno "kinga" pekee halitoshi kuwa dawa.

Na kuna sababu ya kawaida kabisa ya kwenda na orodha ya kila anachomeza. Kapsuli za selumetinibu zina vitamini E ndani yake, hivyo nyongeza ya vitamini hiyo huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Na balungi huzuia mwili kuivunja dawa hiyo, kiwango chake kikapanda kwenye damu.

Kabla ya yote, hakikisha kuona kwake kumepimwa na kuandikwa, kila jicho peke yake. Uvimbe unaweza kubaki vilevile kwenye picha huku mtoto akipoteza kuona, au ukakua bila kumdhuru, kwa hiyo uamuzi wa kuanza dawa hutegemea sana vipimo hivyo. Kwa mtoto asiyejua herufi, jaribu nyumbani: mkalishe mapajani akitazama katuni kwenye simu, umzibe jicho moja kwa kiganja. Ukiziba jicho linaloona vizuri atausukuma mkono wako na kulia. Ukiziba lile bovu ataendelea kutazama kama vile hujamgusa. Mweleze daktari ulichokiona. Mweleze pia kama anakonda ilhali anakula, au kama ana dalili za kubaleghe mapema, kwa sababu neva hizi hupita jirani na sehemu ya ubongo inayoongoza homoni. Mboni ikionekana nyeupe kwenye picha ya simu, hiyo ni habari nyingine na ya haraka zaidi. Inaweza kuwa saratani ya retina, nenda siku hiyohiyo.

MRI ya mtoto mdogo mara nyingi hufanywa kwa nusu kaputi, hivyo atafunga: kwa kawaida saa 6 bila chakula, 4 bila maziwa ya mama, 2 bila maji, ila fuata karatasi ya hospitali yako. Picha ziombe kwenye CD, usiridhike na ripoti peke yake.

Beba kadi ya kliniki. Akianza kemo hatapewa chanjo hai, kama ya surua, mpaka daktari aruhusu, kwa hiyo iliyobaki ijadiliwe mapema, na ndugu zake wakamilishe zao. Nunua kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38 wakati wa kemo, usianze na panadol ukisubiri kukuche wala usidhani ni malaria tu; mpeleke usiku huohuo. Kabla hamjaruhusiwa kutoka wodini mara ya kwanza, omba namba ya simu inayopokelewa usiku, kisha ipige ukiwa bado hapo uone kama inaita.