Gari la mtumba na wito wa kiwanda: jinsi ya kuangalia ukiwa Mbeya na kudai matengenezo ya bure

Magari mengi tunayopokea gereji hapa Mwanjelwa yametembea Japani kwanza: IST, Vitz, Spacio, Noah. Wenye magari hudhani kiwanda kikitangaza kasoro na kuita magari yarekebishwe bure, wito huo ni wa aliyenunua gari jipya. Sivyo. Wito unafuata namba ya chesisi. Hata gari likipita mikono mitano, kasoro inabaki ya kiwanda.

Nitazungumzia zaidi eabegi, yaani mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali, zilizotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, kwa sababu hizo zinaua. Ndani yake kuna kopo la chuma lenye amonia naitreti. Joto na unyevu vikiipiga miaka mingi, kemikali hiyo inaharibika. Siku ya ajali inawaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka na vipande vya chuma vinamrukia mtu usoni na shingoni. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na BMW wote wameita magari kwa tatizo hili. Baridi ya Mbeya isikudanganye. Gari hilohilo linashuka Kyela, linashinda juani Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Soma chesisi kwenye gari lenyewe. Kadi peke yake haitoshi. Fungua boneti, futa vumbi kwenye ukuta uliopo kati ya injini na dashibodi, mulika kwa simu. Utaona herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu za gari lako, kwa mfano NCP61-0012345. Kama haipo hapo, tazama kwenye nguzo ya mlango au chini ya kiti cha mbele. Piga picha, linganisha na kadi. Zikitofautiana, malizana kwanza na TRA na polisi.

Hatua ya 2: Tafuta kwenye tovuti ya nchi gari lilikotoka. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inataka namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba hiyo, kwa hiyo tovuti ikilikataa usiseme gari ni salama. Ingia tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji, washa tafsiri ya simu, jaza chesisi pamoja na sifuri zake za mbele. Gari moja linaweza kuwa na wito zaidi ya mmoja, hivyo soma kila mstari na uhifadhi picha ya majibu.

Kuanzia Mei 2018 Japani iliacha kupitisha kwenye ukaguzi magari yenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa. Kama gari lako liliingia nchini kabla ya hapo, usiahirishe kuangalia.

Hatua ya 3: Usiamini taa wala mashine. Fundi atapima gari kwa kompyuta na kukuambia halina kosa. Kompyuta inapima waya na saketi ya eabegi. Hali ya kemikali ndani ya kopo haiioni kabisa. Taa ya SRS, ile ya onyo la eabegi kwenye dashibodi, inaweza kuwa imezimika vizuri na kopo likawa bovu.

Hatua ya 4: Mwandikie wakala rasmi kabla ya kusafiri. Tuma picha ya chesisi, kadi na majibu ya tovuti. Uliza mambo matatu: je, mnalihudumia gari lililoagizwa kutoka Japani? Spea ipo? Gharama anabeba nani, pamoja na ufundi? Taka jibu kwa maandishi. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, huwezi kuziteremka ukakuta spea haijafika. Akikataa, yaandikie makao makuu ya mtengenezaji, na malalamiko yapeleke Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji.

Ukiwa unasubiri: punguza safari. Kama eabegi iliyoitwa ni ya abiria, kiti cha mbele kikae wazi. Ikiwa ni ya usukani, ningekuwa mimi gari ningeliegesha. Usikubali eabegi ya mtumba, huenda imetoka kwenye gari lililoitwa vilevile. Na asiifungue fundi wa mtaani, hata awe hodari kiasi gani. Ile ni baruti.

Kazi ikiisha, dai karatasi yenye namba ya chesisi na tarehe, uiweke pamoja na kadi. Halafu ingiza tena chesisi kwenye tovuti kila unapofanya sevisi kubwa, maana orodha za Takata zimekuwa zikiongezwa tangu 2008.