Jinsi ya Kuajiri Wazee Wenye Ujuzi na Kudumu Nao: Mwongozo kwa Waajiri wa Kisumu na Magharibi

Mwajiri wa Kisumu, Kakamega au Bungoma anayelalamika kwamba mafundi wa kweli wamekwisha huenda hajawatafuta mahali walipo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, na viwanda vya sukari vya ukanda huu vilipoanza kusuasua, watu walioendesha boila, waliochomelea mabomba na waliotunza stoo hawakutoweka. Walirudi mitaani na vijijini, na wengi wao bado wana nguvu na hamu ya kufanya kazi. Waongeze walimu na wauguzi wa serikali wanaostaafu wakiwa na miaka 60. Tangazo la kazi la mtandaoni haliwafikii wengi wao, kwa sababu wanatumia simu ya kabambe, hawana baruapepe, na tangazo lisilotoka kinywani mwa mtu wanayemjua hawaamini kwamba linawahusu. Wanapatikana kupitia jumuiya wanazoziamini, na jumuiya hizo hizo ndizo zitakazokusaidia kudumu nao.

Kabla ya kumwendea mtu yeyote, ichambue kazi yenyewe. Kazi ya stoo inayotangazwa kuwa ya mtu wa miaka 25 hadi 35 mara nyingi ni siku nzima ya kuhesabu, kukagua na kuandika, pamoja na muda mfupi wa kubeba mifuko ya saruji ya kilo 50. Kubeba mpe kijana, na kuhesabu mpe aliyefanya hivyo nusu ya maisha yake. Kikomo cha umri kisicho na sababu kiondoe kabisa, maana Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya umri.

Kisha nenda mwenyewe, au mtume ofisa mwenye mamlaka ya kuamua, ukaketi na viongozi wa jumuiya zisizopungua tatu: kanisa au msikiti, chama cha akiba na mikopo (sacco), chama cha wanawake, wazee wa mtaa pamoja na chifu wao. Kila mmoja anajua jambo asilolijua mwenzake. Ofisi ya sacco inajua nani hulipa deni bila kufuatwa. Chama cha wanawake kinamjua mama ambaye ametunza fedha za wenzake kwa miaka mingi na daftari lake halijawahi kuleta ugomvi. Mama huyo, hata kama hana cheti cha uhasibu, anafaa kukaa kwenye kaunta yako. Ukitegemea kanisa moja au mtu mmoja, baada ya muda utakuta umeajiri ukoo mmoja, na malalamiko yatakayozuka yatakuwa ya haki. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja yanayosema nani atapendekeza majina, nani atafanya uamuzi na mtakutana lini tena. Sharti moja liandikwe waziwazi: hakuna mtu atakayetozwa hata shilingi moja ili jina lake lipelekwe, iwe kwa jina la nauli, chai au shukrani.

Tangazo lisomwe katika baraza la chifu na baada ya ibada, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali hapo, yaani Kijaluo, Kiluhya au Kikisii. Litaje mshahara, saa za kazi, mahali, na mtu wa kuonana naye. Tenga pia siku ya kuwasaidia watakaochaguliwa kukamilisha nambari ya kodi ya KRA, ya akiba ya uzeeni ya NSSF na usajili wa bima ya afya ya SHA, kwani wengi hukata tamaa wakiwa kwenye foleni ya saiba kabla hata ya kukufikia.

Mahojiano ya maswali na majibu huwadhulumu watu hawa. Mweke fundi mbele ya pampu inayonguruma vibaya umtazame. Yule mwenye ujuzi ataweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, abandike sikio kwenye mpini, anyamaze kidogo, kisha akwambie ni beringi ipi imekufa kabla hujafungua nati hata moja. Ukihitaji karatasi kwa ajili ya wateja au bima, mgharimie mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambao humpima mtu pia kwa kazi ya mikono yake.

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi ni lazima uandikwe, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Usomwe kwa sauti, kisha mwache aende nao nyumbani akashauriane na watu wake. Likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka na likizo ya ugonjwa ni haki yake kama mfanyakazi mwingine yeyote, na kumweka katika hali ya kibarua kwa sababu ya umri wake ni dhuluma.

Kinachowatoa wazee kazini katika eneo hili, mara nyingi kuliko uchovu, ni matanga na shamba. Mtu wa umri huo ndiye anayesimamia mazishi ya ukoo, ndiye anayeulizwa kaburi lichimbwe wapi, na hawezi kutuma salamu za rambirambi akabaki kwenye zamu. Mwajiri asiyelielewa hilo humwandikia barua ya onyo, na mzee huondoka kwa heshima yake asirudi. Kubalianeni mapema siku za mazishi ambazo mfanyakazi anaweza kuzichukua, na namna ya kuzifidia kwa kubadilishana zamu. Mvua za Machi zinapokaribia, panga zamu fupi kwa wiki chache ili watu wapande. Wawili wanaweza pia kugawana nafasi moja, kila mmoja siku tatu kwa wiki, na kazi isilale.

Wengi huajiri wazee ili wafundishe vijana, wakasahau hofu moja kubwa: mzee anajua kwamba siku kijana atakapoiweza kazi, huenda yeye akaonyeshwa mlango. Ndiyo maana wengine huficha ujuzi. Andika katika mkataba kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yake, kuna posho yake, na mwanagenzi akifuzu mkataba wa mwalimu wake hautakatishwa kwa sababu hiyo. Msimamizi kijana naye aelekezwe kwamba kosa la mzee husemwa pembeni, kwa utulivu, wala si mbele ya watu wa rika la wanawe.

Kuhusu afya, omba kituo cha afya kilicho karibu kimtume mhudumu wa afya ya jamii mara moja kwa mwezi apime presha na sukari. Majibu ni siri ya mfanyakazi. Wewe upokee tu ombi lake la kubadilishiwa kazi, kama analo.

Mwezi wa kwanza ukiisha, mwite aliyempendekeza mkae watatu, kwa kuwa mzee humweleza mzee mwenzake jambo ambalo hawezi kulipeleka ofisini. Endeleeni hivyo kila robo mwaka. Mkataba ukikaribia kuisha, mwambie uamuzi wako miezi mitatu kabla, ili asisikie habari hizo getini. Akiondoka, mpe cheti cha utumishi kama sheria inavyotaka, umlipe stahili zake zote siku hiyo hiyo, na umuulize nani anafaa kuchukua nafasi yake.