Jinsi ya kutumia neno "catholic" kwenye Kiingereza bila kujichanganya

Ukisoma kwamba mtu ana "catholic tastes" usikimbilie kusema huyo ni Mkatoliki, dini haipo kabisa hapo, maana yake jamaa anapenda vitu vya kila aina, rege sawa, jazi sawa, kwaya sawa, habagui.

Cha kwanza angalia herufi. C kubwa ni mambo ya Kanisa, na mara nyingi ni lile linaloongozwa na Papa. c ndogo ni kitu kipana, cha wote. Sasa mwanzo wa sentensi herufi inakuwa kubwa tu upende usipende, kwa hiyo kama unataka ile maana pana usilianzishie sentensi, utawavuruga wasomaji bure.

Asili yake ni Kigiriki, katholikos, limeungwa na kata na holos, yaani kitu kwa ujumla wake. Andiko la zamani kabisa linalojulikana kuliita Kanisa hivyo ni barua ya askofu Ignatius wa Antiokia kwa Wakristo wa mji wa Smirna, mwanzoni mwa karne ya 2, na enzi hizo hakukuwa na Waprotestanti wala nini, alimaanisha Kanisa zima. Ndo maana Waanglikana mpaka leo kwenye Kanuni ya Imani ya Kiingereza wanakiri "holy catholic Church" na hakuna aliyehama dhehebu. Hata zile nyaraka 7 za Yakobo, Petro, Yohana na Yuda zinaitwa "Catholic Epistles" kwa vile zinachukuliwa kuwa za waumini wote, sio za mji mmoja kama zile za Wakorintho (ingawa 3 Yohana imeandikwa kwa Gayo peke yake, ila tuiache hiyo).

Kwenye kuandika, liweke kabla ya "taste", "interests" au "reading", au sema "she is catholic in her reading", hiyo "in" usiisahau. Ukiandika "he is a catholic man" ukaishia hapo kila mtu atafikiria dini. Kwenye kuongea ndo balaa zaidi maana herufi hazisikiki, mi ningetumia "wide-ranging" tu yaishe. Nomino ya upana ni "catholicity", ile "Catholicism" ni imani yenyewe.

Kutamka ni KATH-lik, th ya thamani, ile o ya katikati wengi wanaimeza, ila kwenye "catholicity" inatamkwa na mkazo unahamia kwenye li.